Gari la Baba chini ya Turubai

Katika mitaa ya Eastlands, gari kuukuu halitafutwi mbali. Liko nyuma ya nyumba kule Maringo, limeegeshwa kando ya ukuta Jericho, au limejibana katika kiuga cha Buruburu, limefunikwa turubai la bluu lililochanika, na juu ya turubai paka amejilalia. Ukifunua, unakuta Peugeot 404, au Datsun 1200, au Volkswagen Beetle ambayo taa zake ziliibwa zamani. Kila mtu nyumbani hulijua kwa jina moja: gari la Baba. Watoto wamelikuta hapo, wajukuu nao wamelikuta hapo hapo.

Mwenye kulitazama kwa makini ataanza na kibao cha namba. Kikiwa na herufi tatu na tarakimu bila herufi ya mwisho, gari hilo lilisajiliwa kabla ya mfumo wa sasa, ule ulioanza na KAA 001A mwishoni mwa miaka ya 1980. Kibao hicho kina thamani kuliko bampa inayong'aa, na mwenye gari asikibadilishe bila sababu.

Kuna jambo jingine linalofanya magari haya yastahili kutunzwa. Kanuni za Kenya haziruhusu gari lililotumika kuingizwa nchini likiwa limepita miaka 8 tangu liundwe. Meli inayoteremsha magari ya mtumba Mombasa haitaleta 404 nyingine. Yaliyopo ndiyo yaliyopo, na kila moja linalokatwa na kuuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu ni moja lisilorudi. Ndiyo maana wenye magari ya namna hii wanashauriwa wasiyaache yafe peke yake, kila moja nyuma ya nyumba yake. Wakikutana majirani watano wenye magari matano, chama kimeshapatikana, na chama ndicho kitakachoyarudisha magari hayo barabarani.

Swali la kwanza litakaloleta ubishi ni gari gani lihesabiwe kuwa la kale. Shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria, FIVA, lililoundwa mwaka 1966, linataka gari liwe na umri wa miaka 30 au zaidi, litunzwe katika hali yake ya asili, na lisiwe ndilo la kwendea kazini kila siku. Kipimo hicho kinafaa, lakini kwa Eastlands kinahitaji kulegezwa kidogo. Peugeot 504 ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, ila iliendelea kuunganishwa Mombasa hadi mwaka 2004. Je, 504 ya mwaka 2000 ifukuzwe langoni na ya mwaka 1978 ikaribishwe, hali ni ndugu tumbo moja? Chama chenye busara kitaikaribisha. Vilevile kijana mwenye Toyota Corolla isiyofika umri huo anayeitunza kwa moyo asiambiwe kwamba gari lake halijazeeka vya kutosha. Miaka inapita, na kijana huyo ndiye atakayekuwa na nguvu za kuingia chini ya gari wakati waanzilishi wanaugua viuno.

Wengi husita kwa kudhani kwamba mapenzi ya magari ya kale ni ya watu wa Karen na Muthaiga. Dhana hiyo imetokana na onyesho la Concours d'Elegance linaloandaliwa na klabu ya wamiliki wa Alfa Romeo tangu mwaka 1970, ambalo wakazi wa Nairobi wamezoea kuliona likifanyika katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, kwa kawaida mwezi Septemba. Lakini anayekwenda kutazama waamuzi wakifanya kazi hurudi na somo tofauti. Hawakadirii bei ya gari. Wanachungulia mvungu, wanafungua boneti, wanapitisha jicho kwenye kona za viti, wanatafuta tope, mafuta yaliyovuja na waya uliofungwa kwa karatasi ya nailoni. Gari dogo lililosafishwa kwa mswaki wiki nzima linaweza kulishinda gari la kifahari lililooshwa haraka haraka asubuhi ile.

Historia ya mbio zetu wenyewe inasema hivyo hivyo. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1965 yalishindwa na Joginder Singh akiwa na nduguye Jaswant katika Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya: ilikuwa imeshatumika mbioni kabla hawajaipata. Joginder akaja kushinda tena mwaka 1974 na 1976 akiendesha Mitsubishi Lancer. Peugeot 404 nayo ilishinda mara nne kati ya mwaka 1963 na 1968, na katika mwaka wa kwanza na wa mwisho wa kipindi hicho ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Anayelidharau gari la Baba kwa kuwa ni 404 hajui anachokidharau.

Basi turubai linafunuliwa. Hapa ndipo pa kuwa na subira, kwa sababu kosa la siku ya kwanza huua injini iliyokuwa hai. Mtu amepata betri ya kuazima, anaiunga, anageuza ufunguo huku watoto wanashangilia. Injini iliyolala miaka kumi ina kuta kavu za silinda na pengine kutu nyembamba, na kuizungusha kwa nguvu ni kuikwangua. Afadhali plagi zifunguliwe kwanza, kila silinda itiwe oili kidogo, iachwe usiku kucha, kisha injini izungushwe kwa mkono pole pole hadi fundi ahisi imelainika. Oili ya zamani imwagwe. Petroli ya zamani vilevile, maana baada ya miezi kadhaa petroli huchacha na kuacha utomvu unaoziba vijitundu vya kabureta. Tangi lenyewe literemshwe, lisafishwe, na likionekana limeliwa na kutu ndani lipelekwe kwa fundi wa kuziba. Mipira ya petroli ibadilishwe yote, hata ile inayoonekana nzima. Magari mengi ya kale yanayoungua barabarani huungua kwa sababu ya mpira mmoja mkavu uliopasuka juu ya eksosi yenye moto.

Baada ya hapo, breki. Mafuta ya breki hufyonza maji kutoka hewani, kwa hiyo yaliyokaa muda mrefu huchemka upesi kwenye mteremko na kuozesha silinda za magurudumu kwa ndani. Yanafaa kubadilishwa kila baada ya miaka miwili hata kama gari limesimama tu. Mwenye gari ajue pia kwamba magari mengi yaliyoundwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yana njia moja tu ya mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne. Kukivuja mahali pamoja, kanyagio hushuka hadi chini na gari halisimami. Katika gari la namna hiyo breki ya mkono si pambo. Ijaribiwe kwenye mwinuko kabla ya kila safari.

Tairi nazo hudanganya. Zinaweza kuwa na meno yote na zisifae kitu. Ubavuni pana tarakimu nne: 2316, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi iliyopita miaka kumi ibadilishwe bila mjadala, na isiyo na tarakimu nne kabisa ni ya karne iliyopita.

Nairobi iko juu, takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya tano ikilinganishwa na Mombasa. Gari la kabureta halijui hilo mpaka lifundishwe. Lililorekebishwa pwani likaletwa Nairobi litakunywa petroli kupita kiasi na kutoa moshi mweusi. Lililorekebishwa Nairobi likateremshwa Magadi litapata hewa nyingi kwa petroli kidogo na kuchemka. Maji yenyewe huchemkia Nairobi kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, na ndiyo sababu kifuniko cha rejeta chenye mpira uliochoka hugharimu hedi gasketi nzima. Kifuniko kipya ni fedha kidogo sana ukilinganisha na kazi hiyo.

Kuna hofu ya zamani kuhusu petroli isiyo na risasi, ambayo ndiyo pekee inayouzwa Kenya tangu mwanzoni mwa mwaka 2006. Kwa Beetle na 404 hofu hiyo ni ndogo, kwa kuwa hedi zao ni za alumini na vikalio vya valvu ni vya chuma kigumu kilichopachikwa. Wanaopaswa kuuliza ni wenye magari ya Kiingereza ya miaka ya 1950 na 1960 yenye hedi ya chuma cha kusubu, kama Morris Minor. Hao, siku hedi itakapofunguliwa kwa sababu yoyote, wamwambie fundi apachike vikalio vigumu, na mpaka hapo waendeshe kwa utaratibu.

Sasa fundi mwenyewe. Hapa Eastlands ina utajiri ambao mitaa yenye nyasi zilizokatwa vizuri haina. Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, ina maduka ya spea yanayojua tofauti ya pampu ya 404 na ya 504 bila kufungua kitabu. Kariobangi Light Industries kuna mafundi wa mashine wanaoweza kuchonga bushi ambayo kiwanda kiliacha kuitengeneza kabla wao hawajazaliwa. Na Kamukunji, penye mlio wa nyundo kuanzia asubuhi hadi jioni, kuna wafua bati wanaogeuza pipa kuwa sanduku la mwanafunzi wa bweni. Mkono unaokunja ukingo wa sanduku hilo ukanyooka kama rula unaweza kukunja kipande cha sakafu ya gari kilicholiwa na kutu. Apelekewe kipande cha zamani kama kielelezo, aelezwe unene wa bati, aachwe afanye kazi. Kuchomelea kufanywe na mwingine aliyezoea bodi za magari, kwa sababu bati jembamba huungua upesi mikononi mwa mchomeleaji wa mageti.

Kinachotisha ni umri wa mafundi wanaojua pointi na kabureta. Waliokuwa vijana wakati 404 zinabeba abiria sasa ni wazee, na gereji nyingi za leo hutegemea kompyuta kusoma ugonjwa wa injini. Chama kinashauriwa kumwendea fundi mzee si kwa kazi moja moja tu. Kimwalike aje Jumamosi moja kila mwezi, kimlipe siku yake kikamilifu kama mwalimu, na vijana wanne au watano wa mtaa wamzunguke akiwaonyesha jinsi ya kupima nafasi ya pointi, ambayo kwa Beetle ni milimita 0.4. Vijana hao waandike. Wapige video kwa simu. Ujuzi huo ukizikwa na mwenyewe hakuna duka la Kirinyaga litakalouza mwingine. Mwandishi wa makala haya anaona hili ni jukumu zito kuliko safari zote zinazoelezwa hapa chini, na chama kisichokuwa na fedha za kufanya yote mawili kianze na hili.

Kuhusu chama chenyewe, watu wa Eastlands hawahitaji kufundishwa. Kina mama wamekuwa wakiendesha vyama vya kuweka akiba na kuzungushiana fedha kwa miongo mingi, na taratibu zao zinafaa kabisa: mweka hazina asiyeshika ufunguo peke yake, mchango unaojulikana, daftari linalosomwa kila mkutano, risiti zinazopigwa picha na kuwekwa mbele ya wote siku hiyo hiyo. Wakifika watu kumi, sheria ya vyama nchini inawahesabu kuwa jumuiya inayopaswa kujulikana kwa msajili, kwa hiyo wasingoje ugomvi wa fedha ndipo watafute katiba. Mchango wa kwanza usinunue fulana. Ununue kizima moto kwa kila gari, pembetatu za kuakisi, kamba imara ya kuvuta, na kebo nene za kuazimana moto wa betri. Wenye Beetle za zamani wakumbushwe jambo moja: nyingi za kabla ya katikati ya miaka ya 1960 zina umeme wa volti 6, na kuziunga na betri ya volti 12 ya jirani ni kuunguza taa na waya.

Karatasi zitachosha kuliko kutu. Magari mengi ya aina hii bado yana jina la marehemu kwenye logibuku, na ndugu hawajaketi wakakubaliana. Chama hakiwezi kuamua urithi wa familia, ila kinaweza kukataa gari lisiloeleweka mwenyewe ni nani, na kukataa huko mara nyingi ndiko kunakozisukuma familia kukaa chini. Bima ya kufidia watu wengine ni lazima kisheria kwa kila gari linaloingia barabarani, hata kama ni kwa kilomita nane za Jumapili. Na kama bibi harusi wa mtaani ataliomba gari kwa siku yake, na wataomba wengi, mwenye gari aisome bima yake kwanza. Bima ya matumizi binafsi kwa kawaida hailipi kitu gari likiwa limekodishwa.

Safari ya kwanza isiwe safari. Iwe ni kukutana. Magari matano au sita yaegeshwe Jumapili asubuhi mahali penye nafasi, kwa ruhusa ya wenyewe, boneti zifunguliwe, chai ya chupa na mandazi viwe mezani, na majirani waje. Wanaokuja ndio watakaotoa habari kwamba mjomba wao ana Ford Anglia kule Umoja, au kwamba kwenye stoo ya fulani pana kisanduku cha spea kilichosahaulika. Wenye mapenzi na magari lakini hawana gari wapewe kazi tangu siku hiyo: kusoma ramani, kushika saa, kupiga picha, kuandika kumbukumbu. Katika mbio za Safari hakuna gari lililokwenda na mtu mmoja.

Matembezi ya pili yawe mafupi, na hakuna mafupi yenye maana zaidi kwa Eastlands kuliko kwenda kwenye Makumbusho ya Reli. Msafara unatoka Buruburu, unashika Jogoo Road, unapita St. Stephen's na City Stadium, unaingia Landhies Road kando ya Muthurwa, kisha Haile Selassie Avenue. Hazifiki kilomita kumi. Makongeni na Muthurwa zilikuwa mitaa ya wafanyakazi wa reli, kwa hiyo katika msafara hatakosekana mtu ambaye babu yake alikula mshahara wa reli. Makumbusho hayo yalifunguliwa mwaka 1971, na kati ya vilivyomo ni behewa ambalo ndani yake simba alimnyakua afisa wa polisi Charles Ryall kule Kima mwaka 1900. Watoto watataka kuliona mara mbili. Wenye magari wao watajifunza kwa injini za mvuke jinsi chuma kinavyotunzwa kwa rangi na grisi.

Njiani utaratibu ni mmoja: gari nyonge kuliko yote litangulie, na gari lenye fundi liwe la mwisho. Wengi hufanya kinyume, wenye Mercedes wanaondoka kwa mbio na Morris Minor inabaki ikitafuta wenzake kwenye mzunguko wa Donholm. Kila dereva amwangalie wa nyuma yake kwenye kioo. Asipomwona, asimame mahali salama. Hakuna kufungana mikia, kwa kuwa matatu zitataka kupita na zipewe njia. OCS wa kituo cha polisi cha karibu aarifiwe siku kadhaa kabla kwamba kundi la magari litapita, saa ngapi na kwa njia ipi. Ni heshima, na pia huokoa maelezo marefu kando ya barabara.

Baada ya kuzoeana, chama kinaweza kuandaa mchezo ambao ndio utamu halisi wa vyama hivi kokote duniani: mashindano ya kushika saa. Hakuna anayeshindana kwa mwendo. Magari huachwa yaondoke kwa kupishana dakika moja, kila moja likiwa na karatasi ya njia na muda uliowekwa, tuseme wastani wa kilomita 25 kwa saa Jumapili saa moja asubuhi, na anayewahi hupoteza alama sawa na anayechelewa. Njiani kuna maswali. Jina Kariokor limetokana na nini? Na Carrier Corps, wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Mbotela ni nani, na Ofafa? Ni Tom Mbotela aliyeuawa mwaka 1952 na Ambrose Ofafa aliyeuawa mwaka 1953, majina yaliyobaki kwenye mitaa ambayo wakazi wake huyataja kila siku wakilipa nauli. Msoma ramani ashuke akanakili maandishi yaliyo mlangoni mwa maktaba ya Kaloleni. Mchezo kama huu unaweza kujaza asubuhi tatu tofauti bila msafara kuvuka Outer Ring Road, na kwa gari bovu hakuna mahali bora pa kuharibikia kuliko nyumbani, fundi akiwa dakika kumi.

Maktaba hiyo ya Kaloleni, pamoja na ya Makadara, ni matawi ya McMillan, iliyofunguliwa katikati ya jiji mwaka 1931 kwa kumbukumbu ya William Northrup McMillan. Hapo chama kimepata sababu ya safari ya tatu. McMillan alifariki mwaka 1925 na kaburi lake liko kwenye mlima Ol Donyo Sabuk, wenye mita 2,145, ambao wenyeji wengi huuita Kilimambogo. Liko ubavuni mwa mlima, halikufika kileleni, na simulizi ya huko husema gari lililovuta jeneza lilishindwa na mwinuko. Kutoka Komarock msafara hufuata Kangundo Road, Ruai, Joska, hadi Tala, kisha hugeuka kuelekea mlimani. Ni barabara isiyo na miteremko mikali, yenye vituo vya petroli na masoko, na kwa gari lililotoka kwenye turubai mwaka huo inatosha kabisa kuwa safari ya siku nzima. Magari yabaki chini. Anayetaka kupanda hadi kaburini atumie gari la kisasa na afuate masharti ya hifadhi, kwa sababu nyati ni wa kweli. Wengine wakatazame maji ya Fourteen Falls kwenye mto Athi na kula chakula walichobeba.

Magadi Road iachiwe mwaka wa pili. Ni njia ya kupendeza mno: Rongai, Kiserian, kisha Corner Baridi, ambapo Bonde la Ufa linafunguka ghafla mbele ya kioo. Olorgesailie, penye mashoka ya mawe yaliyochunguzwa na Louis na Mary Leakey kuanzia mwaka 1942, iko karibu kilomita 70 kutoka Nairobi na karibu mita 1,000 chini kutoka Corner Baridi. Mteremko huo ndio mtihani wa breki. Dereva ashuke kwa gia ile ile ambayo angeitumia kupanda, injini ndiyo ishike gari, na kanyagio la breki liguswe na kuachwa, si kukanyagwa mfululizo. Kurudi ndio mtihani wa rejeta. Msafara uondoke Olorgesailie kabla jua halijawa kali au ungoje lishuke. Petroli ikichemka ndani ya mpira na injini ikazimika, gari lisimamishwe, boneti ifunguliwe, kitambaa kilicholoa kifungwe kwenye pampu, watu wanywe maji wangoje. Hakuna dawa nyingine, na kugeuza ufunguo mara ishirini ni kumaliza betri.

Kuharibikiwa kusionewe aibu. Uingereza kuna msafara wa kutoka London hadi Brighton, karibu kilomita 96, unaokumbuka safari ya mwaka 1896 na unaofanywa kwa magari yaliyoundwa kabla ya mwaka 1905. Kila Novemba yako yanayokwama njiani, na watu waliosimama kando ya barabara huyashangilia haya sawa na yanayofika. Huku kwetu tangu mwaka 2003 kuna mbio za Safari Classic kwa magari ya zamani, na hata magari yale yaliyotayarishwa kwa gharama kubwa huonekana yakiwa yameinuliwa kwa jeki vumbini.

Kalenda ya chama ifuate mvua. Machi hadi Mei ni miezi ya gereji na masomo ya fundi mzee, kwa sababu maji yakisimama kwenye barabara za ndani za Eastlands yanaingia kwenye ngoma za breki na kulala ndani ya sakafu. Juni hadi Septemba kuna baridi na ukavu, injini hupenda, na ndio wakati wa safari ndefu. Septemba wote waende Ngong kama watazamaji, wakiwa na daftari, wakaone mvungu wa gari unavyopaswa kuwa. Kwa usalama wa siku za kawaida, namba ya gari ichorwe kwenye vioo vya pembeni na vya madirisha kama wengi wanavyofanya mjini, na nembo zinazochomoka zikae ndani ya nyumba, zipachikwe siku ya matembezi.

Kuna kazi moja ya jioni, msafara ukisharudi na watoto wakisharuka nje. Gari liachwe lipoe. Waya hasi wa betri ufunguliwe. Kilomita zilizotembewa, lita za petroli zilizotumika na mlio wowote mpya uliosikika viandikwe kwenye daftari la gari, pamoja na tarehe na jina la aliyeendesha. Mwisho lifunikwe, ila turubai lile la bluu lisirudi. Nailoni huzuia unyevu usitoke, na usiku wa baridi matone hukusanyika chini yake na kula paa. Shuka kuukuu la pamba chini ya kibanda kidogo cha mabati, pande zote zikipita hewa, linatosha. Paka atapata mahali pengine.